Ufunguo wa Watu Wawili

Siku mliponiaga pale hospitalini, baada ya keki na hotuba ya Katibu wa sasa iliyomsifu mtu nisiyemfahamu, mmoja wenu aliuliza mbele ya watu: "Mzee Idi, hivi ule ufunguo wa zamani mlikataa kuubadilisha kwa nini?" Nikacheka, nikasema ni uzee tu. Watu wakacheka, tukaendelea na soda. Sasa niko nyumbani kwangu Katesh, ambako hakuna anayeniuliza kitu kuanzia asubuhi hadi jioni, na lile swali ndilo mgeni pekee niliyenaye. Mama Paulina, mwenzangu wa ufunguo ule, amenipa ruhusa ya kulijibu. Nitaanzia mbali kidogo, mnivumilie. Mstaafu akianza karibu atamaliza haraka, na akimaliza hana pa kwenda.

Baba yangu alitoka Kondoa akafungua duka hapa Katesh enzi ambazo maduka yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Biashara ilipoachiwa huria, redio, saa na tochi zikamiminika kutoka kila upande. Vilivyomiminika vikaanza kuharibika, nami nikawa fundi. Kutoka redio nikaenda kwenye kompyuta, nikajifunza Arusha katika chumba kilichokuwa juu ya duka la magodoro. Hospitali ya kanisa kule milimani Mbulu ikaniajiri wakati bado tuko Mkoa wa Arusha. Manyara ilipozaliwa, barua tulizokuwa tunapeleka Arusha tukaanza kupeleka Babati, na mimi nikaendelea kutengeneza printa ileile.

Siku yangu ya kwanza Katibu wa wakati huo alinifungulia chumba cha kompyuta kwa heshima, kama anayenionyesha mgonjwa mahututi. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kulikuwa na Biblia. Nikaibeba Biblia kwa mikono miwili, nikaiweka mahali pa juu zaidi, ndipo nikavua kile kitambaa. Katibu, aliyekuwa na wasiwasi na Mwislamu wake mpya, akashusha pumzi. Hatukugombana mpaka alipostaafu yeye, isipokuwa kuhusu wino wa printa.

Kazi ya kompyuta mahali kama pale ni ya upweke, hilo niwaambie wazi. Madaktari wakikwama wanakaa wanajadiliana. Mimi nikikwama nilikuwa nazima, nawasha, naangalia ukuta. Ninyi mko watatu chumbani na mnagombania kiti. Nawaonea wivu mpaka kwenye ugomvi. Mke wangu alirudi kwao mapema, hatukuwa tumejaliwa mtoto, na habari hiyo inaishia hapo. Nilikuwa napanga chumba karibu na hospitali, naenda Katesh mwisho wa mwezi kuangalia nyumba aliyoniachia baba.

Shida iliyotuletea ufunguo ilianza na basi. Watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI walikuwa wanatolewa matone ya damu, yanakaushwa kwenye kadi, kadi inapelekwa maabara mjini. Majibu yalirudi kwa bahasha, kwa mkono wa kondakta. Bahasha moja ilifunguliwa njiani. Mama mwenyewe aliposhuka kutoka mlimani siku ya mnada, mnada mzima ulikuwa umeshajua kabla yake. Hakurudi kliniki yetu, wala hakumleta mtoto, na wauguzi waliomfuata nyumbani walikuta mlango umefungwa. Daktari mkuu aliniita akaniambia nitafute njia ya kuleta majibu ambayo hakuna mtu wa katikati atakayeweza kuyasoma, hata akiyashika mkononi.

Nilimpigia Mwalimu Lema, aliyenifundisha kule juu ya magodoro. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa sababu simu ilikuwa ghali alikuwa anayapunguza zaidi. Yeye ndiye aliyenieleza habari ya jozi ya funguo. Unatengeneza funguo mbili zinazozaliwa pamoja. Ule wa umma unampa yeyote, ni sawa na kugawa kufuli zilizo wazi. Mtu wa maabara anajaza majibu kwenye fomu ya tovuti, anabonyeza tuma, na programu kule kwenye seva inayafunga kwa kufuli hiyo kabla ya kuyahifadhi. Yakishafungwa, hata yeye mwenyewe hawezi kufungua tena. Anayefungua ni mwenye ufunguo binafsi peke yake, na ufunguo huo haukai kwenye seva hata siku moja. Wetu ulikaa kwenye kompyuta ya mkononi isiyounganishwa na kitu, ndani ya kabati la chuma, na majibu yaliyofungwa nilikuwa nayahamishia humo kwa flashi. Vitabu siku hizi vinasema kusimba na kusimbua. Sisi tulisema kufunga na kufungua, na hakuna aliyepotea.

Mwanzoni nilijaribu kufunga karatasi nzima ya majibu kwa ufunguo wa umma, programu ikagoma. Mwalimu Lema akaniambia ufunguo wa aina ile unabeba mzigo mdogo tu. Unayafunga majibu kwa ufunguo mwingine wa muda, halafu ule wa muda ndio unaoufunga kwa ule wa umma. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. "Ungesahau," akasema, akakata simu.

Kuna siku nyingine majibu yalikuja yakakataa kufunguka, mengine yanakubali, mengine hapana, bila utaratibu wowote. Nilihangaika nayo mpaka nikaanza kuota herufi. Kumbe maandishi yaliyofungwa huwa na alama za kujumlisha ndani yake, na alama hiyo ikisafiri kwenye mtandao bila kulindwa inageuzwa kuwa nafasi tupu. Nikazirudisha zote mahali pake, yakafunguka. Nilitamani sana siku ile kuwe na mtu wa kumwambia. Nikamwambia mlinzi wa getini, akanipa hongera, akaniuliza kama na redio yake nitaiangalia.

Ufunguo binafsi wenyewe unalindwa kwa neno la siri. Mwalimu Lema alishauri neno hilo ligawanywe watu wawili, mmoja asijue la mwenzake, ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kukaa peke yake akasoma habari za watoto wa watu. Nusu ya kwanza ikawa yangu. Ya pili akapewa muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto, mwenyeji wa Maretadu. Tulimwita Mama Paulina kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa ametoka tu likizo ya uzazi, amejifungua mtoto wa kiume baada ya miaka mingi ya kungoja. Nilimwambia achague kitu ambacho hatakisahau. Aliandika papo hapo, anatabasamu. Mimi niliandika namba ya usajili ya pikipiki yangu ya kwanza.

Utaratibu ukawa huo. Asubuhi naandika nusu yangu, nageuka naangalia ukutani, yeye anaandika yake, mashine inafikiri, majibu yanatoka. Anayachukua, anaondoka. Kwa miaka nilimfahamu zaidi kwa sauti ya vidole vyake kuliko kwa mazungumzo. Lakini kila siku kabla ya kutoka alikuwa anasema, "Haya kaka Idi, mchana mwema," na niseme ukweli, siku ambazo hakuna majibu yaliyokuja zilikuwa ndefu.

Halafu yule mtoto wake wa kiume akaugua homa, akafariki. Alikuwa hajaanza shule. Tulimzika Maretadu, mvua ikinyesha, na baada ya mazishi Mama Paulina hakurudi kazini.

Ninyi mliotoka mbali elezeni hili vizuri kwa watakaowafuata, maana ofisi haiwezi kulipuuza. Kwa wenyeji, nyumba iliyofiwa na mtoto inakaa pembeni. Hali hiyo wanaiita metimani. Mama na baba wa marehemu hawaingii kwa watu, hawagawani moto na jirani, hawampi mtu mkono, mpaka muda wao uishe na wazee waseme basi. Siyo adhabu. Wanailinda jamii isipatwe na yaliyowapata. Familia nyingi za kanisani zimelegeza. Mama mkwe wa Mama Paulina hakuwa amelegeza kitu, na Mama Paulina mwenyewe, msomi na muuguzi, aliniambia kwenye simu kwamba hawezi kutoka kaburini kwa mwanawe akaenda kushika watoto wa wenzake. Kwetu tuna eda, kwa hiyo sikuona ajabu.

Tulichokuwa tumesahau ni kwamba ameondoka na nusu ya ufunguo.

Majibu yakaendelea kuingia yakiwa yamefungwa. Mtaniuliza kwa nini sikutengeneza jozi mpya. Nilitengeneza, nikampa daktari mkuu nusu ya pili. Lakini jozi mpya inafaa kwa yatakayokuja. Yaliyokwisha kufungwa kwa kufuli ya zamani hayaijui. Maabara walisema wataandika upya watakapopata nafasi, na kwa simu hawatasoma jina la mtoto yeyote. Walikuwa na haki, ndiyo makubaliano niliyowasainisha mimi. Daktari mkuu alikuja chumbani kwangu, akakaa juu ya meza. "Idi, humo ndani kuna watoto wachanga. Mwenye virusi akicheleweshwa dawa, tunampoteza. Fanya unachoweza."

Nilimpigia tena Mama Paulina, nikamweleza, nikamwomba anitajie neno lake. Akajibu: "Kaka Idi, siwezi kulisema."

"Najua kanuni hairuhusu, lakini..."

"Siyo kanuni," akasema, simu ikakatika. Nikadhani ni mtandao.

Ikabidi mtu ampelekee kompyuta. Katibu alikuwa na mkwe mjamzito nyumbani. Dereva alikuwa na mtoto anayenyonya. Wote ni watu waliosoma, na mikutanoni walikuwa wanaicheka sana ile desturi. Nikafunga kompyuta kwenye plastiki, nikawasha pikipiki, nikaenda mwenyewe.

Boma lilikuwa limezungushiwa minyaa. Mama mkwe alikuwa amesimama nje ya ua, amejifunga shuka, kana kwamba alikuwa ananisubiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ishia hapo hapo. Wewe wa hospitali?"

"Ndiyo, bibi. Namhitaji Mama Paulina kwa kazi kidogo."

"Ongea naye ukiwa huku, yeye akiwa kule."

"Inabidi mikono yake iguse hii kompyuta, bibi. Kuna majibu ya watoto wagonjwa, yanafunguliwa na sisi wawili tu."

Aliitazama ile plastiki, akanitazama mimi. "Ukivuka hapa umeingia kwenye yetu. Ukitoka usiingie kwa mtu, usile na mtu, usimpe mtu mkono, mpaka sisi tutoke. Una mke?"

"Sina, bibi."

"Watoto?"

"Sina."

"Mama yako yupo?"

"Wazazi wote walishafariki."

Nilikuwa nimeshajibu maswali hayo mahali pengi, moja moja. Hakuna aliyewahi kuniuliza yote kwa mfuatano huo. Yule bibi akasogea kando.

"Basi wewe pita," akasema kwa upole. "Pole, baba."

Nikapita. Sharti lenyewe halikuniuma. Kilichoniuma ni jinsi lilivyonikaa sawasawa.

Mama Paulina alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, amekonda. Nilimpa pole, sikumpa mkono, kwa mazoea tu, ingawa sasa ningeweza. Niliweka kompyuta juu ya kigoda kingine, nikaandika nusu yangu, nikageuka kuangalia minyaa kama ninavyoangalia ukuta. Nikasubiri sauti ya vidole. Haikuja.

"Kaka Idi."

"Naam."

"Ni jina lake."

Nilianza kuuliza la nani, na kabla sijamaliza nikawa nimeshajua. Alikuwa amelichagua siku ile anatabasamu, na kila asubuhi alikuwa analiandika nyuma ya mgongo wangu.

"Humu hatulitaji," akasema. "Mama amekataza mpaka tutoke. Baba yake akilisikia anatoka nje. Mimi mwenyewe sijalitamka tangu tumzike. Nikiliandika nitakuwa namwita, na haitiki."

Mimi si mtu wa maneno, na nilikuwa naongea na ua wa minyaa. Mwisho nikasema ukweli niliokuwa nao: "Mama Paulina, humu ndani kuna watoto. Sijui ni wa nani, wala wana nini. Hata mama zao hawajui. Wewe na mimi tu ndio tunaoweza kujua. Ukishindwa, nitafunga kompyuta nirudi, na sitakulaumu."

Nikasikia kidole kimoja. Halafu kingine. Polepole, kama mtu anayejifunza kuandika. Mashine ikakataa, alikosea herufi. Hapo akalia, kilio cha sauti, na mimi nikabaki nimegeukia minyaa, maana kanuni ilisema hivyo na maana sikujua ningemtazamaje. Alipotulia nikarudi, nikaandika nusu yangu upya, nikageuka tena. Safari hii aliandika moja kwa moja bila kusimama. Mashine ikafikiri.

"Yamefunguka," akasema.

Wengi walikuwa salama. Mtoto mmoja wa kijiji cha Hirbadaw hakuwa salama. Mama Paulina alifuta macho kwa kanga, akaniambia dawa ianze leo, na kipimo chake, sauti yake ikiwa ileile ya wodini. Nilipanda kilimani penye mtandao nikampigia muuguzi wa kule, naye akaenda kwa mama huyo kabla jua halijazama. Kama yule mtoto ni mzima sijui. Kazi yetu hairuhusu kuuliza. Kila nikienda mnadani Katesh naangalia vijana wa umri wake wanavyogombana na kucheka, nachagua mmoja, nasema ni huyu.

Nilirudi hospitali, nikawaambia wenzangu wazi kwamba nimeingia. Hakuna aliyenicheka. Nilihamishiwa stoo ya zamani karibu na jenereta, mimi na ile kompyuta, na chakula kikawa kinaachwa kizingitini. Katibu alikuwa ananisalimia kwa kupunga mkono kutoka mbali, mtu yule aliyekuwa anasema mambo haya ni ya kizamani. Mwanzoni nilijiambia hakuna kilichobadilika, maana nilikuwa nakula peke yangu hata kabla. Si kweli. Kula peke yako kwa sababu hujaalikwa ni kitu kimoja. Kujua kwamba hutaalikwa ni kingine. Jioni jenereta likizimwa nilikuwa naongea na kompyuta, kwa adabu, isije ikanizoea. Nikawa nafikiria kule Maretadu kuna nyumba nayo imekaa hivihivi, na wazo hilo lilinipa nguvu kuliko nilivyotegemea.

Wazee walipowatoa wafiwa, na mimi nikatoka. Mama Paulina alirudi kazini. Nikamwonyesha ile jozi mpya ya funguo, nikamwambia achague neno lingine, lisilomuumiza.

"Ule wa zamani bado unafanya kazi?" akauliza.

"Unafanya."

"Turudishe huo, kaka. Nyumbani tumeshatoka, lakini bado halitajwi. Baba Paulina hawezi. Sina mahali pengine pa kumwita ila hapa."

Nikaurudisha. Kanuni zote za usalama zinasema ufunguo ubadilishwe, na neno la siri lisiwe jina la mtu, la mtoto ndiyo kabisa. Ni kanuni nzuri, zifuateni. Wakaguzi waliandika kila walipokuja, nami nikawajibu kila mara kwamba ushauri umepokelewa. Asubuhi naandika yangu, nageuka ukutani, na nyuma yangu mama anamwita mwanawe. Sasa mmejua.

Mfumo wenu mpya hauhitaji mtu kuandika kitu, unafungua wenyewe, na hilo ni jema kwa watoto. Siku yangu ya mwisho tulifungua majibu ya mwisho kwa njia ya zamani, halafu ilibidi ufunguo ufutwe. Nilimwachia Mama Paulina abonyeze. Alibonyeza, ukafutika.

"Na nusu yako ilikuwa nini miaka yote hii?"

Nikamwambia. Alicheka mpaka akashika meza. "Pikipiki!" Halafu akaacha kucheka, akanitazama. "Kompyuta yako ya nyumbani unaifunguaje?"

"Nabonyeza tu, inawaka. Naishi peke yangu, nimfiche nani?"

"Iwekee neno," akasema. Akasogea, akanitajia lile jina kwa mdomo wake, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. "Mimi sina tena pa kuliandika. Wewe nisaidie."

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, kompyuta yangu ikawa na neno la siri. Najua mtajaribu kulibahatisha. Msijisumbue, mwishoni nimeongeza alama ya kujumlisha. Kila asubuhi kabla ya chai nakaa mezani na kumwita yule mtoto, herufi kwa herufi, na leo nimefanya hivyo ili niwaandikie haya. Ni mtu wa kwanza ninayemwita kwa siku. Siku nyingi huwa ndiye pekee.